Flashi ya Windows yenye apdeti ndani: DISM, NTLite, imeji ya sysprep au ISO mpya ya Microsoft, uchague ipi?

Wadau, hii naiandika kwa mafundi wenzangu wa hapa Tanga, wa Ngamiani na Chumbageni, na wale wa Muheza na Pangani wanaokuja mjini kufuata vifaa, pamoja na walimu wa kompyuta wa shule zetu. Swali ni lile lile kila siku. Mtu anapiga Windows nusu saa imemalizika, anafurahi, afu mashine ikishikwa na intaneti tu inaanza kuvuta apdeti, inavuta, inarisitati, inavuta tena, mpaka jioni bando limeisha na mteja amesimama mlangoni. Kesho inakuja mashine nyingine, mchezo ule ule. Tuseme mashine moja inakula GB 2 za apdeti baada ya kupigwa Windows, maabara ya shule yenye mashine 20 hiyo ni GB 40, na zote ni zile zile, umezidaunlodi mara 20!

Dawa yake ipo na ni ya zamani, unazitia apdeti ndani ya ISO yenyewe, yaani lile faili moja lenye usakinishaji mzima wa Windows, kabla hujapiga. Ni sawa na tui, ukilitia chunguni kabla ya kuepua kila anayepakua anakula wali wa nazi, hakuna haja ya kila mtu kujimiminia kwenye sahani yake. Waliokuwepo enzi za XP wanaikumbuka programu ya nLite, tulikuwa tunachanganya SP3 na draiva za SATA tunachoma CD moja maisha yanaendelea. Siku hizi njia zimekuwa nyingi na ndo maana watu wanachanganyikiwa, kwa hiyo nazilinganisha hapa kwa kuangalia mambo yanayotuuma sisi: bando, muda, umeme kukatika katikati ya kazi, na mashine zenyewe tunazoletewa.

Msimamo wangu nausema mapema ili usinisubirie mwisho: kwenye ISO ongeza, usipunguze. Kutia apdeti na draiva ni salama na faida yake unaiona siku hiyo hiyo. Kunyofoa vitu vya Windows ili iwe nyepesi, hapo ndo matatizo yanapoanzia, na hayaji leo, yanakuja baada ya miezi mashine ikiwa imeshafika Lushoto.

ISO mpya tu kutoka Microsoft

Njia hii watu wanaidharau na hawana sababu. Kama una mashine moja au mbili, kusumbuka na DISM, chombo cha komandi cha kuhariri imeji ya Windows, hakuna maana, nenda ukurasa wa Microsoft chukua ISO ya sasa maliza. Microsoft wenyewe wanaifanya upya mara moja moja wakiwa wameshatia apdeti ndani, kwa hiyo ISO ya karibuni inakupunguzia mzigo mkubwa sana ukilinganisha na ile ya mwaka juzi uliyoihifadhi kwenye hadidiski ya nje ukaipenda.

Jambo la kujua, ukienda kuchukua ISO ya Windows 10 kwa kompyuta ya Windows ukurasa unakupa ile programu yao ya kutengenezea flashi, na inachokupa ndani kinakuwa install.esd, faili la Windows lililobanwa sana. Ukifungua ukurasa huo huo kwa simu unapewa ISO moja kwa moja, na hiyo ndani ina install.wim, faili la Windows linaloweza kuhaririwa. Hii inaonekana ndogo ila kwa anayetaka kuendelea na DISM ni kubwa, maana faili la esd huwezi kulimaunti (kulifungua kama folda) ukaliongezea kitu mpaka ulihamishie kwanza kwenye wim kwa komandi ya Export-Image, na kazi hiyo kwenye mashine dhaifu ni ya kuanzisha ukaenda kuswali ukarudi.

Ukishadaunlodi hakiki. Ukurasa wa Windows 11 unaonyesha namba ya SHA256, yaani alama ya kuhakiki faili, ya kila lugha, na kwako unaandika certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na SHA256, unalinganisha. Kwa intaneti zetu hizi za kukatika katika faili linaweza kufika pungufu na usijue mpaka usakinishaji ukwame asilimia 60.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba unapata ilivyo wao wametaka. Draiva zako hazimo, .NET 3.5 (kijenzi kinachodaiwa na programu za zamani) haijawashwa, na kama ISO imetoka mwezi uliopita basi apdeti ya mwezi huu utaivuta. Apdeti kubwa zinatoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwetu huku inakuwa ni usiku, saa mbili au saa tatu kutegemea majira ya kule Marekani. Anayekutengenezea flashi Jumatatu kabla ya hapo anakupa flashi itakayopitwa kesho yake.

DISM, ambayo mimi ndo naitumia

DISM imo ndani ya Windows tayari, bure, haina leseni ya kununua, na ndo chombo ambacho programu nyingine nyingi za aina hii zinakiendesha kwa nyuma. Inatisha kwa sababu ni ya kuandika komandi. Ila komandi zenyewe ni chache na ukishaziandika kwenye faili la bat unakuwa unabofya tu kila mwezi.

Mpango wake uko hivi. Unakopi vilivyomo kwenye ISO kwenda folda, tuseme D:\win. Unaangalia matoleo yaliyomo:

dism /Get-WimInfo /WimFile:D:\win\sources\install.wim

Utaona Home, Home N, Education, Pro na ndugu zake. Hapa ndo sehemu pekee ambayo kupunguza nakubali, maana hugusi Windows yenyewe, unaacha tu matoleo usiyoyahitaji. Unahamisha Home na Pro tu kwa Export-Image kwenda kwenye wim mpya, unaiweka badala ya ile ya zamani, basi, maana kila toleo utakaloliacha ndani itabidi ulitie apdeti peke yake na muda unaongezeka. Afu:

dism /Mount-Wim /WimFile:D:\win\sources\install.wim /Index:1 /MountDir:D:\maunti

dism /Image:D:\maunti /Add-Package /PackagePath:D:\apdeti\faili.msu

dism /Image:D:\maunti /Add-Driver /Driver:D:\draiva /Recurse

dism /Image:D:\maunti /Cleanup-Image /StartComponentCleanup /ResetBase

dism /Unmount-Wim /MountDir:D:\maunti /Commit

Apdeti unazichukua Microsoft Update Catalog, unaandika namba ya KB (namba ya apdeti) unadaunlodi faili lake la msu mara moja, usiku bando likiwa rahisi.

Sasa yale ambayo hayaandikwi kwenye video za dakika tano. La kwanza, DISM ya mashine unayofanyia kazi isiwe ya zamani kuliko imeji unayoitengeneza, ukiwa na Windows 7 unataka kuhudumia imeji ya 11 utapigwa makosa tu, weka ADK mpya (vifaa vya Microsoft vya kuhudumia imeji) au tumia mashine yenye Windows mpya.

La pili, kwa Windows 11 kuanzia 24H2 apdeti zimebadilika, zipo zinazoitwa checkpoint, yaani apdeti ya mwezi inasimama juu ya nyingine ya nyuma yake. Ya kwanza ilikuwa KB5043080 ya Septemba 2024. Unaziweka zote kwenye folda moja isiyo na msu nyingine yoyote, na kwenye komandi unataja ile mpya tu, DISM yenyewe itaiona ya nyuma na kuanza nayo. Watu wengi wanataja hiyo mpya ikiwa peke yake kwenye folda, inagoma, wanasema DISM mbovu.

La tatu kwa Windows 10: kama imeji yako haina KB5028244 ya tarehe 25 Julai 2023 au ya baada yake, itabidi utangulize KB5031539 kwanza ndo apdeti kubwa ikubali kuingia. Hili peke yake limewafanya mafundi wengi wahamie programu za kubofya wakidhani shida ni wao.

La nne .NET 3.5. Hapa Tanga ofisi nyingi za uwakala wa forodha kule bandarini na ofisi za mashamba ya mkonge bado zina programu za mahesabu za zamani zinazoidai, na Windows ikiikosa inataka kuivuta kwenye intaneti. Iwashe ndani ya imeji kwa kutumia folda ya sources\sxs iliyomo kwenye ISO yenyewe, ila iwashe mwishoni baada ya ile komandi ya kusafisha, ukiitanguliza usafishaji unagoma kwa sababu kuna kazi inayosubiri kumalizika. Ikishawaka ndo utie na apdeti ya .NET.

Na la tano ndo muhimu kuliko yote kwa laptopu za sasa. Laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 ukibuti flashi ya kawaida unafika sehemu ya kuchagua diski unakuta hakuna diski. Mteja anaambiwa SSD imekufa anunue nyingine, jamani, SSD ni nzima! Ni draiva ya VMD ya Intel, inayoiwezesha Windows kuiona diski, haimo kwenye flashi. Ukiitia kwenye install.wim peke yake haisaidii maana hapo Windows bado haijaingia, inabidi uitie kwenye boot.wim, namba 2, ambayo ndo ile skrini ya usakinishaji yenyewe. Nimeweka nguvu hapa kwa sababu ni pesa ya mteja inayopotea bure, na anayepoteza ni mwanafunzi au mama mwenye steshonari ambaye hana namna ya kujua.

Ubaya wa DISM upo. Inataka nafasi, usianze kama huna GB 40 za wazi hivi, na kwenye hadidiski ya kuzunguka inachukua muda mrefu mno, fanyia kwenye SSD. Umeme ukikatika imeji ikiwa imemauntiwa inabaki nusu nusu, utaisafisha kwa dism /Cleanup-Mountpoints na kuanza upya kutoka kwenye ISO, kwa hiyo fanyia kazi hii kwenye laptopu yenye betri inayokaa au desktopu iliyo kwenye UPS. Na usisahau kuiambia antivairasi iache hiyo folda ya maunti, zinakagua faili moja moja na kazi ya saa moja inakuwa ya mchana mzima.

NTLite

NTLite imetoka kwa yule yule mtengenezaji wa nLite na vLite, kwa hiyo ana uzoefu wa miaka na kazi yake ni safi. Ukilinganisha na DISM kwa kazi ya kutia apdeti na draiva matokeo ni yale yale, tofauti ni kwamba hapa unabofya, unaona orodha, inakupangia apdeti zifuatane vipi, na mwishoni inakutengenezea ISO bila wewe kutafuta oscdimg, chombo cha Microsoft cha kuundia ISO. Kwa mwalimu wa kompyuta ambaye ana vipindi vingi na hataki kujifunza komandi, hii ndo nampendekezea, bila kusita.

Ila mambo mawili. Toleo la bure ni la matumizi binafsi yasiyo ya biashara na baadhi ya vitu vimefungwa. Fundi mwenye kibanda Barabara ya 12 anayetoza watu hela anatakiwa anunue leseni, na mimi naona ni haki, jamaa kafanya kazi. Kama hutaki kununua DISM ipo pale pale.

Jambo la pili ni lile sanduku la kuondoa vitu. NTLite inakuruhusu utoe karibu kila kitu, na mkono unawasha. Unatoa Edge, unatoa Defender, unatoa Store, unatoa printi spula kwa sababu "mteja hana printa", ISO inatoka ndogo, ram inayotumika inapungua kidogo unafurahi. Baada ya miezi mteja ananunua printa. Au apdeti ya mwezi inakuja inatafuta kijenzi ulichokitoa inashindwa, inarudi nyuma, kesho inajaribu tena, kila siku mashine inakula bando lile lile kwa apdeti isiyoingia, yaani tumerudi kulekule tulikokuwa tunakimbia na tena vibaya zaidi. NTLite yenyewe ina sehemu ya kulinda vitu muhimu visitoke, iache iwake.

Kama unachotaka ni Windows isiyo na magemu na matangazo, hayo unaweza kuyaondoa kwa autounattend.xml, faili moja unaloweka kwenye mzizi wa flashi, linajibu maswali ya usakinishaji, linatengeneza akaunti, linachagua saa za Nairobi ambazo ndo zetu, na linaendesha skripti ya kuondoa zile programu za Store. Ukibadili mawazo unalifuta, ISO yako bado nzima.

Imeji ya sysprep

Hii ni ligi nyingine. Hapa hutengenezi flashi ya kusakinisha Windows, unatengeneza mashine moja kamili, Windows, apdeti, Office, programu za shule, printa, kila kitu kimekaa, afu unaipitisha sysprep, chombo cha Windows cha kuondoa utambulisho wa mashine, yenye /generalize /oobe /shutdown, unabuti na flashi ya WinPE (Windows ndogo ya kubutia) au Clonezilla unainakili nzima nzima kwenda kwenye mashine nyingine.

Kwa maabara ya shule hakuna kinachoifikia. Tuseme shule huku Makorora imepata OptiPlex 30 zinazofanana, kwa flashi ya kawaida hata iwe na apdeti zote bado utakaa kila mashine kuweka programu, kwa imeji unazunguka na flashi mbili tatu na Jumamosi moja imeisha. Na mwanafunzi akiharibu mashine Jumatano unairudisha kwa dakika chache.

Masharti yake sasa. Usiruke ile /generalize, watu wanaklon hivi hivi na mashine zote zinabaki na utambulisho mmoja ndani, zikija kuungwa kwenye sava moja mambo yanaanza kugongana. Imeji inazeeka haraka kuliko ISO kwa sababu ndani yake kuna programu nyingi zinazotaka apdeti zake. Na sysprep yenyewe ni mwepesi wa kugoma, kisa kikubwa ni programu za Store ambazo zimeingia kwa mtumiaji mmoja, kwa hiyo usiiunganishe mashine ya mfano na intaneti mpaka umemaliza, apdeti zitie kutoka kwenye flashi. Unaona hapo, hata mwenye kutaka imeji anahitaji kwanza ISO yenye apdeti ndani, hizi njia mbili zinasaidiana.

Kwa fundi wa mtaani anayeletewa leo HP, kesho Lenovo, keshokutwa Toshiba ya kizazi cha 3, imeji haikufai. Draiva zitakusumbua na programu ulizozipika ndani si zile mteja anazozitaka.

ISO za watu, zile "lite" na "ghost"

Sipendekezi na nitasema kwa nini bila kuzunguka. Juni 2023 kampuni ya Doctor Web ilitoa taarifa ya ISO za Windows 10 zilizokuwa zinasambazwa kwenye torenti, ndani zimewekewa programu ya kuiba sarafu za kidijitali, na sehemu yake ilikuwa imejificha kwenye patisheni ya EFI (sehemu ya diski ya kubutia) ambako antivairasi nyingi haziangalii. Mtu kapiga Windows mpya, kasafisha diski, kaona yuko salama, kumbe mwizi ameingia na fanicha. Mteja wako anafungulia hapo akaunti ya benki. Anatuma hapo matokeo ya wanafunzi. Ukimpigia ISO ambayo huijui imetoka wapi umeiweka amana yake mikononi mwa mtu usiyemfahamu.

Tiny11, yaani Windows 11 iliyopunguzwa, ni habari tofauti kidogo kwa sababu mtengenezaji ametoa skripti yake wazi, unaiendesha mwenyewe juu ya ISO ya Microsoft, hiyo unajua kilichoingia na kilichotoka. Ila ile inayoitwa Tiny11 core haikubali apdeti kabisa, ni ya majaribio, usimpigie mtu wa kazi.

UUP dump watu wananiuliza kama nayo ni ya kundi hili. Hapana. Ile inakupa skripti tu, mafaili yenyewe yanavutwa kutoka sava za Microsoft na ISO inatengenezwa hapo kwako ikiwa na apdeti tayari. Mtandao ukiwa mzuri ni njia nzuri tu, hata kuliko kukaa na DISM kwa mkono. Kwangu inashindwa kwenye bando maana kila toleo jipya unavuta GB nyingi upya, wakati kwa DISM ISO ninayo na ninaongeza apdeti ya mwezi peke yake.

Kwa asiyetaka kugusa ISO

Kuna WSUS Offline Update, ambayo baadaye ilichukuliwa na jumuiya. Inazivuta apdeti mara moja inaziweka kwenye flashi, unapiga Windows kawaida, ukimaliza unaendesha faili moja inaziingiza zote bila intaneti. Inachelewa kuliko ISO iliyopikwa kwa sababu kila mashine inasakinisha apdeti yenyewe. Faida yake ni mashine ambazo hazipigwi upya. Ofisi ya shamba la mkonge ndani huko ambako mtandao unapatikana ukipanda juu ya tanki, unaenda na flashi unazipa apdeti mashine zote zikiwa na mafaili yao, hakuna anayepoteza kitu.

Na kama mashine zote ziko kwenye mtandao mmoja wa ndani, washa ile sehemu ya apdeti kugawana baina ya kompyuta, chagua za mtandao wa ndani tu. Moja ikivuta nyingine zinachukua kwake. Haihitaji ufundi wowote na nashangaa shule nyingi hawajaiwasha.

Apdeti zenyewe zinaweza kuwa na shida

Hili liko pembeni kidogo ila anayetengeneza flashi lazima alijue. Windows 11 24H2 ilipotoka, flashi zilizotengenezwa zikiwa na apdeti za Oktoba au Novemba 2024 ndani yake zilikuwa na kasoro, mashine iliyosakinishwa kwa flashi hiyo ilikuwa inaweza kufika mahali haipokei tena apdeti za usalama. Microsoft wakasema tengenezeni upya mkitumia apdeti ya Desemba 2024 au ya baada yake. Kama una flashi ya kipindi kile drooni, ifute leo. Ndo maana mimi sitii apdeti siku ile ile inayotoka, naipa wiki moja mbili, naangalia ukurasa wa Microsoft wa matatizo yanayojulikana, nikiona kimya naipika.

Pia msiiache boot.wim nyuma. Baada ya lile jambo la kirusi cha BlackLotus la 2023 Microsoft wameanza kuzifungia njia za kubuti za zamani, mashine iliyokwisha kuwekewa ulinzi huo inaweza kuikataa flashi ya zamani Secure Boot (ulinzi wa mashine wakati wa kubuti) ikiwa imewashwa. Fundi anakimbilia kuizima Secure Boot. Tengeneza flashi mpya.

Windows 10, maana ndo mashine zetu nyingi

Muda wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025 na siku hiyo ndo ilitoka KB5066791, apdeti ya mwisho ya watu wote. Baada ya hapo ni wale waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza, kwa watu binafsi unaishia 13 Oktoba 2026. Kwa upande wa flashi hii imerahisisha kazi, unapika mara moja ukiwa na hiyo ndani na huna sababu ya kurudia kila mwezi. Ila mwambie mteja ukweli, mashine isiyo kwenye mpango haitapata tena viraka vya usalama.

OptiPlex 7010 ya zamani na mashine nyingine za kizazi cha 3 haziko kwenye orodha ya Windows 11 na programu ya Rufus inaweza kukutengenezea flashi inayoruka vikwazo hivyo, inafanya kazi, ila hakuna anayekuhakikishia kesho. Core 2 Duo usijaribu hata kidogo, 24H2 inadai maelekezo ya prosesa ambayo ile haina, haibuti. Hizo ziwekee Linux Mint, zinafufuka. Na kwa Ubuntu kuna Cubic inayokuwezesha kutia apdeti na programu ndani ya ISO kwa urahisi kuliko Windows yoyote, nitaiandikia siku yake.

Windows 7 nitaipita haraka kwa sababu iliisha Januari 2020 na ibaki kwenye mashine zisizogusa intaneti, kama ile inayoendesha mashine ya kukatia vinyl. ISO ya SP1, KB3020369 kwanza, afu KB3125574 iliyobeba apdeti nyingi za miaka ya nyuma, afu KB4490628 na KB4474419, na draiva za USB 3 kwenye boot.wim la sivyo kibodi na mausi vinakufa mbele ya skrini ya usakinishaji.

Flashi yenyewe

DVD tuziage, moja inabeba GB 4.7 na ISO ya Windows 11 peke yake imeshazidi hapo kabla hujatia kitu. Flashi ya FAT32 inabuti kwenye mashine nyingi za UEFI lakini haipokei faili linalozidi GB 4, na install.wim uliyoipika mara nyingi itazidi, kwa hiyo ikate kwa dism /Split-Image ukiweka /FileSize:3800, usakinishaji unavisoma vipande wenyewe. Au tumia Rufus yenye NTFS. Au Ventoy, unaweka ISO zako zote kwenye flashi moja ya GB 64, Windows 10, Windows 11, Mint, unachagua wakati wa kubuti, na kwa fundi wa mtaani hii ndo inakaa mfukoni mwangu siku zote. Kuna mashine chache zinaikataa Ventoy, kwa hizo beba na ya Rufus pembeni.

Kabla hujaipeleka kwa mteja ijaribu kwenye VirtualBox au Hyper-V, sakinisha mpaka mwisho, andika winver uone namba ya toleo imepanda kweli, kisha unganisha intaneti bofya kutafuta apdeti, ikivuta ile kubwa ya mwezi ule ule uliyoitia basi haikuingia, rudi kwenye DISM usome faili la dism.log. Na jina la ISO liandike na mwezi wake, win11-pro-home na mwezi na mwaka, kwa sababu baada ya muda utakuwa nazo tano kwenye hadidiski zinafanana zote na kijana wa kibandani ataichukua ya kwanza atakayoiona.